Mama mdogo anasoma "amri" za moto wa zambarau: je, ametoka kwenye Uislamu?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni binti wa Mikindani, Mtwara. Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe mwaka jana. Tangu atoke eda amejiunga na kundi la WhatsApp linalofundisha maneno ya mwanamke wa Marekani, Elizabeth Clare Prophet, ambaye sasa ni marehemu. Kila usiku baada ya Isha anakaa barazani na simu yake, anarudia "amri za moto wa zambarau", yaani maneno ya kuuita moto wa kiroho unaodaiwa kuchoma makosa ya mtu, haraka haraka mpaka sauti inamkauka, na anamwita mtu aitwaye Saint Germain amsaidie. Swala tano haachi. Ila sasa anasema mumewe alikufa mapema kwa sababu ya madeni ya maisha yake yaliyopita. Kaka yangu anasema ameshatoka kwenye dini, tusile chakula chake, na kwamba yule mwanamke Mungu alimpiga ugonjwa wa kusahau kwa sababu alijifanya nabii. Tufanye nini?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Nampa pole mama yako mdogo.

Nianze na chakula, maana hilo ndilo linaloweza kuvunja undugu leo hii. Kuleni. Kusema kitendo fulani ni ushirikina ni jambo moja. Kumwambia mtu mwenye kuswali kwamba wewe si Mwislamu tena ni jambo jingine, na lina masharti yake: afundishwe kwanza, hoja imfikie, na anayehukumu awe mwenye elimu na mamlaka ya kuhukumu. Mpwa aliyekasirika hana kazi hiyo.

Kuhusu huyo mwanamke, Qur'ani inatuamrisha katika Surat Al-Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Kwa hiyo nitaeleza yanayojulikana.

Alizaliwa mwaka 1939 katika jimbo la New Jersey, akasoma elimu ya siasa chuo kikuu cha Boston. "Prophet" lilikuwa jina la ukoo la mume wake, Mark Prophet, aliyeanzisha jumuiya ya The Summit Lighthouse mwaka 1958. Walioana mwaka 1963. Mume alipofariki ghafla mwaka 1973, mjane huyo wa miaka 33, mwenye watoto wadogo, akashika uongozi, na mwaka 1975 akaiweka kazi yote chini ya kanisa aliloliita Church Universal and Triumphant. Wafuasi walimwita Guru Ma. Yeye alijiita mjumbe: akisimama mbele ya watu alisema wanaozungumza kupitia kinywa chake ni "mabwana waliopaa", watu wa zamani wanaodaiwa kupaa na sasa kuwaongoza walio duniani, yaani Isa, Buddha, huyo Saint Germain na wengine. Kisomo cha haraka haraka unachokisikia barazani kwenu ndicho alichowafundisha watu wake, na wengi walikifanya kwa saa nyingi. Mafundisho yenyewe hakuyaanza yeye. Shina lake ni Theosofia, itikadi inayochanganya mafundisho ya dini mbalimbali na elimu za siri, iliyoanzishwa New York mwaka 1875 na mwanamke mwingine, Helena Blavatsky, pamoja na wenzake, na habari za Saint Germain zilienezwa Marekani na mume na mke, Guy na Edna Ballard, katika miaka ya 1930.

Tukio linalopaswa kumfikia mama yako mdogo ni la mwaka 1990. Jumuiya ilikuwa na ranchi kubwa Montana, mpakani na hifadhi ya Yellowstone. Elizabeth Prophet alitangaza hatari kubwa ya vita vya nyuklia. Wafuasi wakaacha kazi, wapo waliouza mali na kukopa ili wapate nafasi kwenye mahandaki ya chuma na zege yaliyochimbwa milimani. Mume wake wa wakati huo alikuwa ameshakamatwa mwaka 1989 kwa kununua silaha kinyume cha sheria. Usiku wa tarehe 15 Machi 1990 familia nzima nzima zikashuka chini ya ardhi na watoto wao, zikasubiri. Asubuhi dunia ilikuwa vilevile. Mwezi uliofuata ikaonekana matenki ya mafuta yaliyofukiwa kwa ajili ya mahandaki hayo yamevuja. Wengi wakaondoka kwenye jumuiya. Waliobaki wapo waliosema sala zao ndizo zilizozuia vita, na hapo ndipo penye mtego: kauli ambayo ikitimia ni ushahidi, na isipotimia nayo ni ushahidi, mtu ataipima kwa lipi?

Mtume wetu (s.a.w.) aliamrishwa aseme, katika Surat Al-A'raf, aya ya 188, kwamba lau angejua ghaibu angejizidishia mema mengi na dhara lisingemgusa. Huyo ni mwisho wa Mitume, na anasema hivyo mbele ya watu. Basi anayekuja baada yake na kudai anapokea habari za ghaibu, awe Montana au Mnazi Mmoja, hatuna haja ya kumtafutia kosa jingine.

Huenda mama mdogo akakujibu: mbona mwezi Aprili 2019 sisi watu wa Mtwara tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, watu wakahimizwa kwenda sehemu salama, kisha kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji? Mwambie Mamlaka ya Hali ya Hewa haikudai wahyi. Ilisoma upepo na bahari kwa vyombo, ikasema kinachoonekana, na kila baada ya muda ikarekebisha kauli yake hadharani. Kujikinga kwa sababu zinazoonekana ni Sunna. Mtume alimwambia bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Mwaka 1908, Kusini ikiwa bado na majeraha ya Maji Maji, hapa Lindi ilienea barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye ndoto ya mtu aliyeitwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ikitangaza kwamba Kiyama kimekaribia. Watu waliinakili na kuipitisha, Wajerumani wakaingiwa na hofu ya uasi mwingine. Sheikh Ahmad huyo huyo bado anatufikia kwenye simu: tuma kwa watu ishirini, ukipuuza utapata msiba. Na kuna watu wanaokaa safu ya kwanza msikitini ambao korosho hawazipeleki mnadani kabla ya kuonana na mpiga ramli. Nasema hili kwa sababu huenda kaka yako anaogopa moto wa zambarau wakati hirizi ipo kiunoni mwake.

Kuhusu madeni ya maisha yaliyopita, hapa usilegeze. Surat Al-Muminun, aya ya 99 na 100, inaeleza aliyekufa akiomba arudishwe, na anajibiwa hapana, mbele yao kuna barzakh, yaani kizuizi, mpaka siku ya kufufuliwa. Hakuna maisha ya nyuma ambayo marehemu alikuwa akiyalipia. Alikufa muda wake ulioandikwa ulipofika. Fundisho hilo linamfanya mjane amwone mumewe kama mkosaji aliyeadhibiwa, na huo ni mzigo anaotwishwa mtu ambaye tayari ana msiba.

Na kaka yako aache maneno ya ugonjwa. Ni kweli kwamba Elizabeth Prophet, aliyekuwa na kifafa tangu utotoni, alitangaza mwaka 1998 kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer, akaacha uongozi, akafariki Bozeman, Montana, tarehe 15 Oktoba 2009 akiwa na miaka 70. Lakini Surat An-Nahl, aya ya 70, inasema wapo kati yetu watakaorudishwa kwenye umri dhalili hata wasijue chochote baada ya kujua. Kati yetu sote. Nimewazika masheikh waliosahau majina ya watoto wao. Tunayakataa madai yake kwa hoja, maradhi yake hayatuhusu.

Cha kufanya: usimnyang'anye simu. Kaa naye hapo barazani baada ya Isha, saa ile ile. Someni Ayatul Kursi, Al-Ikhlas na Mu'awwidhatayn (Al-Falaq na An-Nas) taratibu kama Surat Al-Muzzammil inavyoamrisha, kisha muombeeni marehemu kwa jina lake. Mweleze kwamba kumwita Saint Germain amsaidie ni kumwomba asiyekuwa Mungu, na hilo aliache leo na atubie. Nadhani kinachomtoa barazani usiku ni upweke zaidi ya itikadi, kwa hiyo wanawake wa darasa la Alhamisi wampitie.

Swala alizoswali miezi hiyo hazirudii. Hata hadithi ya Muslim kuhusu anayemwendea mpiga bao, kwamba swala yake haikubaliwi siku arobaini, Imam Nawawi ameifafanua kuwa anakosa thawabu, ila faradhi imemwondokea.

Wallahu a'lam.