Mlima una mgongo, ubavu na bega: maneno ya kuielezea njia ya milimani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Mwenzangu wa jiografia aliwafundisha wanafunzi habari za njia ya miguu ya Appalachian iliyoko Marekani, nami nikawapa kazi ya kuandika insha ya kuielezea njia hiyo, kisha nyingine ya kuielezea milima ya kwetu. Karibu wote walitumia neno moja tu, mlima, toka mwanzo hadi mwisho. Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuzitaja sehemu za mlima? Tena, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba barabara inayotoka stesheni ya reli kwenda Mwanga, mtaa wa hapa mjini, "ina mlima", nikamkata alama kwa kuwa pale hapana mlima. Je, nilitenda haki?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa swali hili, nami naliandikia jibu nikiwa Tabora, mahali ambapo nchi ni tambarare kiasi kwamba mtu hutamani milima yenu. Maneno yapo, tena ni mengi. Lililowashinda wanafunzi wako, naona, ni kwamba waliitazama milima kwa mbali, kama picha iliyotundikwa ukutani, ilhali uliwataka waieleze njia, na njia haielezwi ila kwa kuifuata hatua kwa hatua.

Tuanze na jina la jumla. Mlima ni mmoja. Ikiungana mingi na kufuatana kwa masafa marefu, hiyo ni safu ya milima, na neno safu halibadiliki katika wingi, bali upatanisho ndio unaobadilika: safu hii, safu hizi. Wanafunzi wa Tanzania wamezoea mfano wa Kilimanjaro, mlima uliosimama peke yake juu ya nchi ya chini, na ndiyo maana wakikutana na safu hawajui waikamateje. Njia ya Appalachian haiendi kwenye mlima mmoja. Inaanzia Springer Mountain katika jimbo la Georgia, inafuata safu ya milima ya Appalachian kuelekea kaskazini-mashariki ikipitia majimbo 14, na kuishia Katahdin katika jimbo la Maine, mwendo wa kilomita 3,500 hivi. Mtaalamu wa misitu Benton MacKaye aliipendekeza mwaka 1921, na ilikamilika mwaka 1937. Milima yenyewe ni mikongwe mno, imelikwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ni kupanda na kushuka migongo ya mviringo iliyofunikwa na misitu, wala si kuzikabili kuta za miamba kila siku. Mwanafunzi anayeandika "milima mirefu yenye vilele vikali" kuhusu safu nzima ameandika anachokijua kutoka mahali pengine.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ni urefu na kimo. Tunasema urefu wa mlima na urefu wa njia, na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini katika insha inayotaja vyote viwili ndani ya aya moja ni vizuri njia ipewe urefu na mlima upewe kimo. Mahali pa juu kuliko pote katika njia ya Appalachian ni kilele cha Kuwohi, penye kimo cha mita 2,025 kutoka usawa wa bahari. Sasa waambie wanafunzi wako wailinganishe na Nkungwe, kilele kikuu cha milima ya Mahale katika mkoa wenu, chenye kimo cha mita 2,462. Cha kwenu kinaishinda njia yote ile mashuhuri kwa mita zaidi ya 400! Na kwa kuwa uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi, anayekitazama kilele hicho kutoka majini ana ukuta wa takriban mita 1,700 mbele yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kimo kutoka usawa wa bahari na kimo ambacho jicho linakiona, na mwandishi mzuri humwambia msomaji anazungumzia kipi.

Kuhusu sehemu za mlima, Kiswahili huutazama mlima kama mwili. Sehemu ya juu kabisa ni kilele. Mstari wa juu unaounganisha kilele na kilele, ambao mtu akiutembea huona nchi ikishuka kulia na kushoto kwake, ni mgongo wa mlima, na kwa maoni yangu hilo ndilo neno wanafunzi wako walilolihitaji kuliko yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ya Appalachian imepita migongoni. Upande unaoteremka kutoka mgongoni ni ubavu. Mahali ambapo ubavu unatulia kidogo kabla ya kupanda tena waweza kupaita bega. Panapodidimia katikati ya vilele viwili nami hupaita pengo, neno tulilolizoea kwa meno, kwa kuwa safu ikitazamwa kwa mbali hufanana na meno yaliyong'oka moja. Lakini iwapo watu hulitumia pengo hilo kuvukia upande wa pili, basi kwa anayetembea ni pito. Ubavu uliokatika wima ni genge, na ufa mrefu uliochimbwa na maji ni korongo. Wakumbushe kwamba korongo ni pia ndege: ndege anaruka, la ardhini limejaa maji, na upatanisho peke yake unatosha kuwatenganisha.

Majina hayo yakishapatikana, insha bado itakuwa orodha iwapo vitenzi ni "tulipanda" na "tulishuka" tu. Kupanda ni neno la jumla. Kukwea kunabeba juhudi, pengine mikono ikisaidia miguu. Kuteremka ni kushuka mteremko kwa hiari, kuporomoka ni kushuka bila hiari. Kitenzi ninachokipenda zaidi ni kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu bila kukiacha: mashua huambaa na ufuko, na njia huambaa na ukingo wa genge. Lugha yetu huchora kwa vitenzi kuliko kwa vivumishi. Mwanafunzi anayerundika "mlima mkubwa mrefu mzuri wa kuvutia" hajatuonyesha kitu, lakini anayeandika "njia ilijipinda mara tatu ubavuni kabla ya kuufikia mgongo" ametuonyesha kwamba ubavu ule ni mkali, ingawa hakulitumia neno kali.

Kuna chombo kingine ambacho lugha nyingi hazina, na kinanisikitisha kinavyosahaulika, nacho ni upatanisho wa mahali. Kileleni pana jiwe lililosimama: pa- hutaja mahali mahususi, unapoweza kupanyooshea kidole. Mlimani kuna baridi: ku- hutaja eneo kwa ujumla. Korongoni mna giza: m- humtia msomaji ndani. Mwandishi akizitumia tatu hizi kwa makusudi, msomaji anajua yuko mahali mahususi, katika eneo pana au ndani ya kitu pasipo kuelezwa. Wanafunzi wengi siku hizi huandika "kuna" popote, na hapo mlima wote unakuwa bapa.

Nichukue mfano wa sentensi ambayo mwanafunzi yeyote angeweza kuiandika: "Tulipanda mlima mkubwa, tukaona mlima mwingine mzuri sana, halafu tukashuka mlima." Haina kosa la sarufi, lakini haimfikishi msomaji popote. Tuipeleke Mahale tuone: "Njia iliuacha ufuko ikaingia msituni, ambamo mlikuwa na unyevu na milio ya sokwe, ikaanza kuukwea ubavu. Kadiri tulivyopanda, miti mikubwa ilipungua, tukapita penye mianzi, na tulipoufikia mgongo hapakuwa na kitu ila nyasi na upepo. Tukaambaa na ukingo hadi kwenye pengo. Pale chini kabisa, ziwa lilikuwa jeupe pe kwa jua." Neno mlima halimo hata mara moja, wala halikukosekana.

Wahimize pia waulize maneno ya wenyeji wa kila mahali, maana Kiswahili cha ardhi hubadilika na ardhi yenyewe. Hapa Unyamwezi mbuga ni bonde pana la udongo mweusi linalotuama maji wakati wa masika na kulimwa mpunga. Kwa msomaji wa Dar es Salaam mbuga ni mahali pa wanyamapori. Mwandishi wa Tabora akilitumia neno hilo kwa maana ya kwetu aongeze nusu sentensi ya kulieleza, kisha aendelee.

Nimalizie na alama uliyoikata. Katika Kiswahili mlima haumaanishi tu kitu kinachochorwa kwenye ramani na kupewa jina. Humaanisha pia mpando, sehemu ya njia inayomtaka mtu ainamishe kichwa na kuvuta pumzi. Dereva husema "mbele kuna mlima, punguza gia", na mwendesha baiskeli hushuka akasukuma kwa kuwa "mlima umemshinda", hata kama pale hapana kilele wala kilima. Barabara ya kutoka stesheni yenu iliyo kando ya ziwa kwenda Mwanga inapanda, na aliyeipita na mzigo kichwani anajua. Mwanafunzi wako ndiye pekee aliyeandika kwa miguu yake. Mrudishie alama yake, na ikiwezekana isome sentensi ile mbele ya darasa.