Plasta ni 1:4, nyumbani kwazuka ubishi

SWALI: Mwalimu shikamoo. Twapiga plasta huku Kisauni na fundi katuambia simiti kwa mchanga ni 1:4, sasa hapa nyumbani hakulaliki. Baba watoto asema tofauti ni karai tatu, kwa hivyo tukitia mbili za simiti mchanga uwe tano. Kijana wangu wa gredi ya sita naye ashikilia simiti ni robo ya mchanganyiko wote. Nani yuko sawa?
Mama Wawili, Kisauni

JIBU: Marahaba mamangu. Hakuna aliyepata hapo, ingawa kijana kakaribia.

Mzee yeye katoa, nne toa moja, kapata tatu kazing'ang'ania. Uwiano hauulizi kimezidi kwa ngapi, wauliza ni mara ngapi. Kila karai ya simiti ina zake nne za mchanga, ukitia mbili basi nane, ukitia tatu basi kumi na mbili. Hiyo 2:5 yake ni moja kwa mbili na nusu, simiti imezidi, na simiti ndiyo inayomaliza pesa, tena plasta yenye simiti nyingi hufanya nyufa ikikauka.

Kijana: simiti ni robo ya mchanga, sawa kabisa. Lakini mchanganyiko wote ni mafungu 1 na 4, jumla 5, kwa hivyo simiti ni moja ya tano, yaani asilimia 20. Kwa mitihani hapo watoto hunaswa sana.

Mimi lakini kinachonitia wasiwasi ni kipimo, maana utasikia mtu asema mfuko mmoja kwa toroli nne, si ndo 1:4 hiyo? Wapi! Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za simiti, na toroli yenu ikiwa yabeba lita 70, nne ni lita 280, gawa kwa 35 wapata 8. Hapo mmechanganya 1:8, na plasta hiyo ukiikwaruza kwa kucha yapukutika. Pimeni karai kwa karai, na zijae sawa, si ya mchanga imepigwa mlima ya simiti imesawazishwa. Karai 20 za mchanga zataka 5 za simiti, na baba watoto asimame hapo mwenyewe ahesabu.