Ustadha haruhusiwi kukasirika?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha madrasa hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la dagaa la Mwaloni. Watoto wanakuja saa kumi jioni, wengine wametoka kuanua dagaa na mama zao, wanasinzia juu ya Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani. Ada nayo haifiki. Nikiuliza naambiwa, "Ustadha, ujira wako uko kwa Mungu." Natabasamu. Nikirudi nyumbani nawafokea wanangu kwa kijiko kilichoanguka tu. Imani yangu imepungua?
Ustadha, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Imani yako sina mizani ya kuipima, ila uchovu huo naujua. Nimefundisha somo la dini hadi nastaafu. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akaonyesha kuwa kuvaa uso wa furaha ni kazi. Wapo wanaoigiza usoni tu, na wapo wanaojisemesha ndani mpaka moyo nao ugeuke. Kwa mtoto anayesinzia, hilo la pili unaliweza: kumbuka ametoka juani, hasira itashuka. Kwa mzazi asiyelipa unaigiza. Na mhudumu wa ndege angalau ana mshahara!

Aya ya 134 ya sura ya Aal Imran inawasifu wanaozuia ghadhabu. Anayezuia si anayo? Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu, akasema ni rehema. Pia alifundisha kwamba mwenye hasira akiwa amesimama aketi, isipomtoka alale. Darasani hutalala, lakini kuketi mkekani unaweza, tena kabla hujashika bakora. Wanao nao waambie ukiingia mlangoni: "Leo nimechoka, nipeni muda." Watakuelewa kuliko unavyodhani.

Sasa ada, maana hasira nyingine si ya kuzuiwa, ni ya kupelekwa kwenye kamati ya msikiti. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na mifuko ya akina mama Mwaloni hukauka. Nyinyi mnadai mwisho wa mwezi wa kizungu, hata ukiangukia katikati ya mbalamwezi. Dai kwa mwezi wa Kiislamu, unaoanza mwezi unapoandama, siku zake za mwanzo, pesa ya giza ikiwa bado mkononi. Na mwenyekiti akikwambia kudai ada kunapunguza thawabu, muulize kama umeme wa LUKU wa msikiti unanunuliwa kwa thawabu.