Maswali ya Wasomaji: Pikipiki, Mama Watoto na Hizi Jumapili

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja ya aina moja, watu wana pikipiki zao za kutembelea, si za kazi, na nyumbani hakuelewani. Nimechagua manne. Wale mliouliza bei za spea mtanisamehe, bei zinabadilika kabla gazeti halijakauka wino.

*Kaka habari. Niite tu Salongo, yaani baba wa mapacha, niko Wakiso, miaka 41, watoto wanne na wa mwisho ndio hao mapacha, wana miaka 5. Nina Djebel 250, naipenda sana. Sinywi pombe, siendi mpira, starehe yangu ni kupanda pikipiki Jumapili na wenzangu watano, tunaenda Jinja ama Masaka tunakula mchomo tunarudi. Sasa wenzangu wamepanga safari ya siku nne wiki ya Krismasi, tushuke Kabale, Kisoro, turudi Mbarara, tupite Kasese na Fort Portal hadi Kampala. Nilipomwambia mke wangu, Nalongo, akasema sawa nenda, ukirudi utatukuta kwa baba yangu. Nimemweleza pikipiki iko sawa, tairi mpya, kilomita si nyingi, hasikii. Nimwambie nini aelewe?*
*Salongo, Wakiso*

Salongo pole, ila nimecheka. Mwenzio anakuuliza kama utarudi, wewe unamjibu habari ya tairi.

Ngoja nikupe yangu. Miaka kadhaa nyuma nilienda Sipi na jamaa wawili, tukalala Mbale, kesho yake tukaona maporomoko, nikampigia mama watoto nikamwambia saa kumi na moja jioni niko nyumbani. Basi tuko barabara ya Tirinyi, tumeshapita Namutumba, cheni ikakatika. Wala haikuharibu kitu, ilikatika tu ikalala chini kama nyoka. Ile klipu ndogo ya kuungia cheni hakuna aliyekuwa nayo, sisi wanaume watatu na majaketi yetu ya bei. Jamaa mmoja akarudi kutafuta fundi wa boda, akapotea masaa mawili, simu yangu ikazima maana nilikuwa napiga picha tangu asubuhi. Nilifika nyumbani saa nne na nusu usiku. Mtoto wangu wa pili alikuwa amelala sebuleni chini, ameshika ndala zangu. Mama yake hakupiga kelele. Akapasha chakula, akanimwagia maji ya kunawa, nikamaliza kula ndio akauliza, "Hiyo klipu inauzwa ngapi?" Nikamwambia elfu mbili hivi. Akasema, "Elfu mbili," basi, akaenda kulala.

Mpaka leo kabla sijatoka ni yeye anafungua mfuko wa spana kuangalia. Klipu mbili, tyubu, pampu, plagi, waya wa klachi. Hajui kufunga hata moja ila ana orodha kichwani, na nikikosa kitu sitoki.

Sasa Nalongo wako. Ukisema pikipiki wewe unaona barabara na upepo, yeye anaona boda. Hapa Uganda hakuna familia isiyo na mtu aliyevunjika mguu kwenye boda ama zaidi ya hapo, mimi tu wa kwetu ninao wawili. Huo uoga si wivu wala si ubishi, usiutolee hoja, hauondoki kwa hoja. Kinachoupunguza ni yeye kujua uko wapi na saa ngapi. Halafu kuna neno umelipita haraka kwenye barua yako nikalisoma mara mbili, Jumapili. Kila Jumapili? Hao mapacha wa miaka 5 wanakuona lini mchana? Mwaka una Jumapili 52, mi nakwambia rudisha nusu yake nyumbani kabla hujaomba siku nne, na usirudishe kwa kulala kwenye kochi.

Na safari yenyewe, samahani, wenzako wameipanga vibaya. Ukijumlisha mzunguko wote huo ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa siku nne inawezekana kwenye karatasi, yaani 300 kwa siku, lakini Kabale kwenda Kisoro ni kilomita kama 80 za kona tupu na asubuhi ukungu unakaa mpaka jua lipande, pale hukimbii. Halafu wiki ya Krismasi! Wiki hiyo Kampala nzima inahamia kijijini, mabasi ya barabara ya Masaka yanapishana kama yameibiwa. Waambie mwende mwanzoni mwa mwezi wa 12 shule zikishafungwa, mvua nayo imeanza kukata, na pesa ya Krismasi bado haijaguswa hivyo hamna atakayesema umeipanda.

Punguza iwe siku tatu. Siku ya kwanza Kampala mpaka Kabale ni kilomita 400 na kitu, kwa 250 ni ndefu, tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kunapopambazuka, mkikawia laleni Mbarara na msione aibu. Siku ya pili pumzikeni ziwa Bunyonyi, kutoka Kabale mjini ni karibu sana, beba sweta ya maana maana Kabale iko juu huko karibu mita 2,000 na baridi yake inaingia hata kwenye glavu. Siku ya tatu nyumbani. Kasese na Fort Portal iacheni iwe safari yake peke yake, ile njia ya kutoka Ishaka kushuka Kichwamba mpaka daraja la Katunguru inapita katikati ya hifadhi ya Queen Elizabeth, nyati na tembo wanavuka lami wanavyotaka, ni njia ya kwenda polepole mchana, si ya kukimbizana na siku ya nne imeisha.

Na giza. Sisi tuko ikweta, hakuna msimu wa siku ndefu, saa moja jioni giza linaingia mwaka mzima. Wekeni sheria saa kumi na moja kila mtu amekwisha kupata pa kulala. Ukienda 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, na lori limekufa katikati ya lami bila taa wala pembetatu, wameweka tu matawi ya miti nyuma, taa yako ikilikuta umeshachelewa. Na ukiingia Ankole kuna ng'ombe pia, wale wa pembe ndefu, pembe unaiona mwisho.

Sasa cha kumwambia Nalongo. Kaa naye chini na karatasi. Andika petroli, Djebel ikienda kilomita 30 kwa lita, safari ya 900 ni lita 30, ukikadiria elfu 5 kwa lita ni laki na nusu, weka na kulala na kula, mpe jumla aione yeye kwanza kabla ya wale wenzako. Andika utapiga simu wapi. Mi hupiga kila ninapoweka mafuta, Lukaya, Lyantonde, Mbarara, Ntungamo, Kabale, sekunde 30 tu, "niko Lyantonde naondoka." Saa ya kufika ongeza masaa mawili juu ya unayofikiri, ukifika mapema ni furaha. Halafu muulize yeye anataka siku tatu zake lini, na ziwe kweli, aende kwao ama popote wewe ubaki na mapacha. Usimsaidie kujibu hilo.

Akikataa bado, usiende mwaka huu.

*Nimepata helmeti ya mtumba soko la Owino, nzuri kabisa ya kufunika uso, elfu 60, ina mkwaruzo mdogo tu upande. Ninunue?*
*Kijana wa Mukono*

Hapana. Huo mkwaruzo ndio historia yake na hakuna atakayekusimulia. Povu la ndani likishabonyea kwa ajali halirudi, kwa nje unaona ganda zuri linang'aa. Tafuta mpya yenye alama ya herufi E ndani ya duara na namba, iwe inakubana mashavu kidogo, ukitikisa kichwa isicheze. Ya bei nafuu mpya inayokukaa inaishinda ya fahari iliyoanguka na mtu mwingine.

*Mume wangu ana pikipiki kubwa ya safari. Binti yetu ana miaka 6 na kila siku anamlilia baba yake ampeleke Jinja kuona mto Nile. Baba anasema atamkalisha mbele kwenye tangi amshikilie kwa mikono, ni kilomita 80 tu. Mimi roho inakataa ila wote wawili wananiona mbaya.*
*Mama Shamim, Kireka*

Mama Shamim roho yako iko sahihi, mwonyeshe hapa. Mtoto wa mbele kwenye tangi ndiye anayekuwa mto wa baba yake breki ikishikwa ghafla, uzito wote wa mtu mzima unamsukuma kwenye usukani. Na "amshikilie kwa mikono" kwa mikono ipi, mmoja una klachi mwingine una breki na gesi!

Mtoto anakaa nyuma, na anakaa nyuma siku miguu yake ikifika kwenye vikanyagio akiwa amekalia kiti vizuri, si akining'inia. Pima leo, pikipiki iwe kwenye stendi, ampandishe, aangalie zile nyayo ziko wapi. Wa miaka 6 kwenye pikipiki kubwa nyayo zitakuwa hewani, nakuhakikishia. Hapo hakuna haja ya kugombana, vikanyagio vimeshajibu. Helmeti nayo iwe yake ya saizi yake, ile ya mjomba kwenye kichwa cha mtoto ni sufuria, shingo yake haiwezi.

Barabara ya Jinja yenyewe naiogopa hata mimi na uzee wangu, malori ya kutoka Malaba na Busia yote yanapita humo, na ndani ya msitu wa Mabira yanapita magari kwenye kona wasikoona mbele.

Lakini usimnyime mtoto Nile. Fanyeni hivi, wewe na Shamim mpande taksi, zile basi ndogo, asubuhi, baba aje na pikipiki yake nyuma kwa raha zake, mkutane Namawojjolo pale wanapokimbilia madirisha na kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Shamim atamwona baba anafika na helmeti yake, atapiga makelele mpaka taksi nzima igeuke. Mle, muende Jinja, mkae mtoni mpaka alasiri. Jioni kabla hamjalala baba amzungushe huko ndani ya kiwanja chenu, polepole gia ya kwanza, helmeti kichwani. Kwa miaka 6 mizunguko mitatu ya kiwanja ni safari ya Nairobi.

*Mimi ni mwalimu, mwanamke, niko Kasese. Nina TW 200, ile ya tairi nene, Jumamosi napanda mpaka Fort Portal narudi, kilomita kama 75 kwenda, milima ya Rwenzori iko kushoto kwangu muda wote wa kwenda, sitaki kukwambia raha yake. Mume hana neno. Mama mkwe ndio anasema mwanamke kutanua miguu juu ya pikipiki ni aibu kwa ukoo, na ameanza kuwaambia majirani.*
*Mwalimu wa Jumamosi*

Mwalimu, umenipa hamu, wiki ijayo naomba ruhusa.

Kwanza hiyo aibu. Wanawake wetu wanapanda boda kwa kukaa upande na gomesi, lile gauni refu, miguu yote kushoto, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine umeshika mkoba, wakati mwingine na mtoto mgongoni. Hiyo inaitwa heshima. Dereva akipiga tuta vibaya ndio wa kwanza kwenda chini kwa sababu hana cha kubana na magoti. Wewe unakaa katikati, umebana tangi, miguu yako iko kwenye vikanyagio. Mama mkwe hajawahi kuangalia hivyo na si kosa lake, hakuna aliyemwonyesha.

Ila usimweleze wewe. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Mama ni wa mumeo, mumeo ndiye aende, peke yake, akae naye aseme mama mimi ndiye niliyekubali. Hilo neno "mume hana neno" limenikera kidogo, hana neno wapi? Awe nalo, alipeleke kwa mama yake. Mwanamume anayefurahia mkewe kupanda pikipiki akiwa jikoni halafu ananyamaza mbele ya mama yake amekuacha barabarani bila taa.

Wewe sehemu yako ni ndogo. Jumamosi ukitoka Fort Portal mletee kitu, majani ya chai, mkate, chochote, na pikipiki izime mbali kidogo na nyumba yake, usiingie na mlio. Suruali yako ya safari vaa tu, ila beba leso, ukishuka ujifunge kabla ya kufika mlangoni. Iweke juu kabisa kwenye begi, isiwe chini ya spana, maana ukiingia umejifunga leso yenye grisi utakuwa umempa neno jipya la majirani.