Je, umio ukikatwa kwa kamera, kansa husambaa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Babangu ana miaka 62, tuko Likoni. Alipigwa kamera kwa ajili ya kiungulia, wakatoa vinyama vya kupima. Majibu: disiplasia kali ya umio (chembe za njia ya chakula zimeharibika sana), bado si kansa. Wanataka kuitoa kwa kamera hiyohiyo bila kupasua kifua. Ami anakataa, ati ikiguswa itasambaa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Mzee ana bahati. Wengi hutujia wakati hata uji hauteremki.

Msalimie ami, ila hapo sikubaliani naye. Disiplasia kali imekaa kwenye ngozi ya juu kabisa ya umio, isiyo na mishipa ya damu wala ya limfu, kwa hiyo haina njia ya kusafiria. Wanaofariki baada ya operesheni, mara nyingi kansa ilishatambaa kabla ya kisu.

Mzee atalazwa usingizi, kisha umio urashiwe maji ya aidini (kama yanamdhuru, semeni mapema). Ngozi yenye afya hugeuka kahawia; iliyoharibika hubaki manjano, kama doa lililokataa rangi. Doa dogo huvutwa ndani ya kikofia kwenye ncha ya kamera, likafungwa kiraba, likakatwa kwa kitanzi cha waya wa umeme. Likiwa kubwa, hudungwa maji chini yake linyanyuke, kisha huchunwa zima kwa kisu cha umeme, ufundi waliouendeleza Wajapani.

Kipande hicho ndicho kipimo chenyewe. Maabara wataangalia mzizi umefika wapi. Ukikutwa umezama tabaka la chini, mazungumzo ya upasuaji, au mionzi na dawa, yatarudi, na ami atasikilizwa. Ndiyo maana sipendi kuchoma kwa joto mahali penye uvimbe: kilichoungua hakipimiki.

Hatari zipo. Damu yaweza kutoka, umio waweza kutoboka, ingawa si mara nyingi. Sehemu iliyokatwa ikizidi robo tatu ya mzunguko, umio hubana unapopona, ikabidi kutanuliwa kwa puto, pengine mara kadhaa. Na kamera za kurudia zitakuwepo, maana doa jingine laweza kuota kando.

Tumbaku aache kabisa, pombe pia kama anatumia. Kahawa ya dele simkatazi, ila aiache ipoe: vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vinashukiwa kuleta kansa hii.

Kabla ya kutia sahihi, muulizeni daktari ameshafanya wangapi, na nani atakisoma kipande.