Mwanza hadi Dar kwa ndege: umbali, muda na jicho la mama

Dada, pole na uuguzi. Umeuliza umbali wa Mwanza–Dar kwa ndege, na kama mama ataruka asubuhi na kuwahi kliniki Muhimbili saa 8 mchana, baada ya upasuaji wa jicho.

Kwa mstari wa anga ni kama kilomita 850. Angani ni saa moja na nusu hivi, ila wewe hesabu saa tano mlango kwa mlango: kufika uwanjani saa mbili kabla, kusubiri mizigo, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere. Mimi ningempeleka jana yake, maana ndege ikichelewa kliniki imekupita. Kama haiwezekani, chukua ya kwanza kabisa asubuhi.

Kabla ya kulipia, mpigie daktari umuulize: je, jichoni mmeweka gesi? Upasuaji wa retina (utando wa nyuma ndani ya jicho) mara nyingine huacha kiputo cha gesi, na kiputo hicho hutanuka hewa ya ndani ya ndege inapopungua mgandamizo. Anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Ikiwa ipo, asipande mpaka daktari athibitishe imeisha.