Kutafuta gesi inapovuja kwenye gari la kambi

Kwa kuwa harufu ya gesi inasikika chini ya jiko la gari lako hata jiko likiwa limezimwa, funga kwanza valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, kwani propani, yaani gesi ya mtungini, ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Harufu ikiisha, fungua mtungi tena na upake maji ya sabuni isiyo na amonia wala klorini, ambazo huharibu viungo vya shaba, kwenye kila kiungo kuanzia mpira unaotoka mtungini na regyuleta (kifaa kinachopunguza presha ya gesi), ambavyo mimi huvishuku kabla ya vingine, hadi nyuma ya jiko na friji. Panapovuja patatoa mapovu. Kiberiti kisitumike kamwe kupimia. Usipoona mapovu, unganisha geji ya kupima presha kati ya mtungi na regyuleta, fungua valvu kisha uifunge, na usubiri dakika 15 vifaa vyote vikiwa vimezimwa: mshale ukishuka, gesi inavuja mahali usipopafikia, na hapo mwite fundi wa gesi mwenye kifaa cha kuibaini. Mtungi unaokaribia kuisha pia hunuka zaidi, ingawa hilo lisikufanye uache kupima.